Barua ya Tumbo Haipelekwi Posta

Kabla hamjaanza kusoma, wekeni simu chini. Nasema hivi kwa sababu ya Brayo, ambaye amenipa ruhusa ya kumtaja mradi nisitaje kanisa lake.

Mnajua kila Jumamosi tunakutana pale Njoro, katika kile chumba nyuma ya duka la vitabu vya shule, ninyi wanafunzi wangu wa uandishi na madaftari yenu, mimi na miwani yangu iliyofungwa kwa uzi. Mwezi uliopita niliwapa zoezi: mwandikie mtu barua ambayo hutaituma kamwe. Wengi mlichukua karatasi. Brayo, kwa kuwa ni mtu wa kisasa, akaandika kwenye simu. Alimwandikia msichana aliyemwacha na kwenda na mwalimu wa kwaya, na aliandika kwa moyo wote hata nikaona machozi yanamlengalenga. Kisha nikamsikia akiniita kwa sauti ndogo sana.

"Mathe."

"Nini?"

"Mathe, imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Kwa group ya kwaya."

Wenzake wakampigia kelele afute haraka. Akafuta. Lakini kwa haraka hiyo, alibonyeza pale pa kujifutia yeye peke yake, kwa hiyo katika kwaya nzima yeye ndiye mtu mmoja tu ambaye hakuwa na ile barua.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu usiombe, nikiwa nimeshika ukuta nikakumbuka kwamba mimi nilifanya makosa hayohayo kabla Brayo hajazaliwa, tena bila simu, na barua haikuwa yangu, ilikuwa ya mteja. Brayo alipoteza heshima ya kwaya tu. Mteja wangu alikaribia kupoteza mke. Sasa kwa kuwa mmenisumbua niandike habari za kazi yangu, nitaandika hiyo, na mengine yatakayopita njiani nitayaokota.

Nilikuwa mpiga taipu. Si wa ofisini. Nilikaa kwenye baraza mkabala na posta, Nakuru mjini, mwendo mfupi kutoka Bondeni ninakoishi mpaka leo, na meza, kiti, na taipuraita kuukuu ambayo herufi yake ya r ilikuwa inaruka juu ya mstari. Kila r. Ukitazama barua yangu uliona zile r zimenyanyua shingo kama mama anayemtafuta mtoto wake sokoni. Fundi alinitengenezea mara nyingi, na kila mara ikarudi palepale. Watu waliniita Mama Taipu. Walikuja na maneno yao, mengine ya kuomba kazi, mengine ya kuomba msamaha, mengi ya kugombana, nami nikayatia kwenye karatasi.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula, aliyekuwa na meza ya pili kwenye baraza lilelile na aliyekuwa amekalia kiti chake muda mrefu hivi kwamba kiti kilikuwa na umbo lake. Siku yangu ya kwanza alinijia mwanamume mmoja anataka kumwandikia shemeji yake. Nikamuuliza kwa adabu ya chuo, "Tuanzeje?"

"Mwambie yeye ni mbwa."

Nikamweleza kwamba hatuwezi kuanza barua hivyo, kwamba kuna anwani, kuna tarehe, kuna salamu. Yule mtu akaanza kufoka, sasa mbwa nikiwa mimi. Mzee Wafula akanigusa bega.

"Msichana, usimkatize mtu. Andika mbwa. Mbwa akishatoka, mtu ataingia."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kila mteja ana barua mbili. Ya kwanza Mzee Wafula aliiita barua ya tumbo, na ya pili barua ya posta. Barua ya tumbo unaipiga yote kama inavyotoka, pamoja na matusi, bila kusahihisha wala kukunja uso. Ukimaliza unamsomea mwenyewe kwa sauti, polepole. Kisha unanyamaza. Hapo ndipo wengi walianza kufunga vifungo vya shati na kusema, "Aa, hapo kwa mbwa, labda tuseme tu amenikosea." Ile ya kwanza inaenda kwenye jiko letu la makaa, na juu ya jiko kuna birika. Nimekunywa chai iliyochemshwa kwa matusi ya Nakuru nzima, na nawaambia ilikuwa tamu.

Mzee Wafula alikuwa na sheria moja: barua ya tumbo iwe majivu kabla chai haijachemka. Ikilala, itatafuta njia.

Sasa msidhani barua ya tumbo ilikuwa ya kupoza hasira tu, kama kupuliza uji. Kulikuwa na mama mmoja jirani yangu Bondeni, Mama Achieng', muuza samaki wa omena, ambaye alikuja wiki tatu mfululizo kumwandikia jirani yake kuhusu jogoo. Jogoo anawika vibaya. Jogoo anaingia kwake bila hodi. Jogoo anamtazama. Wiki ya tatu, tukiwa kwenye ukurasa wa pili, akasema niandike, "Na hata hukuja nikiwa hospitalini." Nikaacha kupiga.

"Mama Achieng', jogoo hakuja hospitalini?"

Akafunika uso na leso, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nikaona ni yote mawili. Ambaye hakuja hospitalini ni dada yake, aliyemfuata ziwa, na walikuwa hawajasemezana tangu hapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Jogoo wa watu alikuwa amebebeshwa tu. Tukaichoma ile ya jogoo, tukaandika nyingine kwa dada, mistari minne, na dada akaja Krismasi. Jogoo walimchinja, lakini hiyo ni habari nyingine, na jirani hakufurahi.

Kwa hiyo ninapowaambia muandike barua msiyoituma, sitafuti machozi yenu. Nataka mwandike kumhusu jogoo mpaka dada atokee. Na msianze na "natumai hujambo". Mtu mwenye jambo tumboni hatumai chochote. Anzeni na kitu kinachoshikika: kikombe, viatu, mlango uliofungwa, siku ile mvua ilinyesha. Ukiandika "uliniumiza sana," umeandika barua ya kila mtu. Ukiandika "ulikula chapati yangu ukiniangalia," hiyo ni yako.

Sasa Kariuki.

Kariuki alikuwa fundi wa redio hapo Bondeni, kijana mwembamba, mpole, mwenye vidole vya kushona shanga. Alikuwa amempenda Wairimu wa Elburgon, naye Wairimu alimpenda, lakini Wairimu alilelewa na baba peke yake tangu mama yake afariki, na alikuwa amesema waziwazi, "Bila baraka ya baba sitoki kwetu." Baba huyo, Mzee Njuguna, alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mbao, mtu mkubwa, mwenye mikono iliyozoea kubeba miti.

Asubuhi moja Kariuki akaja barazani na koti la suti lisilokuwa na mkono wa kulia.

"Mama Taipu, leo nataka barua kali."

"Kwa nani?"

"Kwa baba ya Wairimu."

"Unataka akupe msichana ama akupeleke polisi?"

"Saa hii yote ni sawa."

Nikamkalisha, akanieleza. Alikuwa amekwenda Elburgon kujitambulisha. Mzee Njuguna akamuuliza kazi yake. Akasema anatengeneza redio. Mzee akasema, "Redio inaongea yenyewe. Wewe unafanya nini?" Kisha akamtolea shoka, akamwonyesha gogo lililokuwa karibu na mlango, limejaa mafundo, akamwambia alipasue. Yeye akaketi kitini na chai yake kutazama. Kariuki alipiga lile gogo mpaka mkono wa koti ukachanika, na koti lenyewe lilikuwa la kuazima. Gogo halikupata hata mkwaruzo. Alipokuwa anaondoka, mzee alimwambia, "Ukilipasua, utarudi tuongee." Na Wairimu alikuwa amemnong'oneza langoni kwamba kuna vijana wengine wanaomba kuja.

Kwa hiyo barua hii ilikuwa ndiyo nafasi yake iliyobaki. Alitaka kuomba kurudi na wazee wake, waongee kama watu, bila shoka.

"Tutaomba," nikamwambia. "Lakini kwanza ya tumbo."

Ilitoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Naikumbuka karibu yote:

"Mzee Njuguna. Lile gogo si gogo, ni adui yako wa siku nyingi, na ulitaka mimi nikupiganie. Chai yako ina moshi. Nilikunywa vikombe vitatu kwa sababu ya binti yako, na kwa sababu yake ningekunywa hata sufuria. Redio yako iliyo juu ya kabati inakwaruza. Niliisikia tangu nikiwa langoni. Ni waya wa spika umeachia, ni kazi ya dakika tano. Lakini hukuniuliza ninajua nini. Uliniuliza nina nguvu gani. Mimi sina nguvu, mzee. Nina subira. Nimewahi kukaa siku mbili na redio moja mpaka ikaongea. Ukinipa Wairimu, nitakaa naye hivyo."

Nilipomsomea, akashika kichwa. "Mama, choma. Choma haraka."

Tukaichoma. Kisha nikampigia barua ya posta, ya heshima, ile niliyokuwa nimeipiga mara nyingi mpaka vidole viliijua bila mimi: Mzee mpendwa, natumai waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, nia yangu ni kukuomba kwa unyenyekevu mkubwa, na kadhalika mpaka wako mtiifu. Akatia sahihi palepale mezani. Wakati huohuo likaja vumbi. Mnaijua Nakuru vumbi likiamua. Nikafumba macho, nikaikunja barua nikiwa nimefumba, nikaitia kwenye bahasha, nikailamba pamoja na vumbi lake, na Kariuki akavuka barabara akaitumbukiza postani.

Hapa lazima niwaeleze jambo la ufundi, mnivumilie. Nyuma ya karatasi tunayoandikia, sisi wapiga taipu tuliweka karatasi nyingine safi, tukiiita karatasi ya mgongo, ili herufi zisiume roli ya mashine. Na ulipotaka nakala, uliweka katikati kaboni, ile karatasi nyembamba ya buluu yenye wino upande mmoja. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga barua ya mteja mwingine yenye nakala, na kaboni ikabaki imenata kwenye karatasi ya mgongo. Sikuiona.

Jioni, tukifunga meza, Mzee Wafula akaiokota ile kaboni, akainua kuelekea jua. Kaboni haina siri. Kila herufi iliyoigonga imebaki pale. Akasoma taratibu, "Chai yako ina moshi."

Nikamnyang'anya ile kaboni nikasoma mwenyewe.

"Barua ya kijana tulichoma karatasi ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Kaboni inasema zilikuwa mbili. Ya pili iko wapi?"

Ya pili, wapendwa, ilikuwa ile karatasi ya mgongo. Nilikuwa nimeichomoa kifudifudi, kaboni ikadondoka chini ya meza bila mimi kujua, nikaona upande wake safi, na kwa sababu mimi ni mtu wa kubana karatasi, nikaipigia barua ya posta hapohapo. Mbele heshima, nyuma gogo. Ilikuwa tayari ndani ya sanduku la posta, na barua ikishaingia pale si yako tena. Nilisimama mbele ya lile sanduku nikachungulia kwenye mdomo wake kama mtu aliyedondosha pete chooni. Mzee Wafula alinivuta kabla watu hawajajaa.

Kumwambia Kariuki ndiyo ilikuwa kazi. Nilimweleza mara mbili, na mara ya pili aliketi chini, si kitini, chini kwenye baraza.

"Mama, kwani aliisoma mbele ama nyuma?"

"Bado haijafika."

"Anaweza kosa kugeuza?"

"Anaweza," nikasema. Sikuamini neno hilo hata kidogo.

Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi kuniuliza kama kuna jibu, kana kwamba mimi ndiye posta. Alikonda, na hakuwa na mahali pa kukonda. Alisema atahamia Lodwar. Alisema atakuwa padri, nikamkumbusha yeye ni wa kanisa la Akorino, lisilo na mapadri. Mimi nami sikulala vizuri. Nilikuwa nimevunja sheria moja tu niliyofundishwa, na kijana wa watu ndiye angelipa kwa maisha yake. Nilimwambia Mzee Wafula naacha kazi. Akaniambia niache baada ya chai.

Wiki ya pili, siku ya soko, nikaona mtu mkubwa anavuka barabara bila kutazama magari, na magari yanamsimamia. Mkono mmoja ameshika karatasi. Kwapani amebeba kitu kimefungwa kwa sweta. Akasimama mbele ya meza yangu, akatazama mashine.

"Ni hii inaruka r?"

"Ni hii, mzee."

"Nani aliandika hii barua?"

Mimi na woga wangu nikauliza, "Upande gani?"

"Upande gani!" Watu wote wa foleni ya posta wakageuka. Akaiweka karatasi mezani, akaigonga kwa kidole. "Hii ya mbele niko nayo zingine tatu nyumbani. Za vijana watatu. Zote r inaruka. Zote zinatumai niko buheri wa afya. Nikajiuliza, hawa vijana, ni nini wanataka na afya yangu?"

Nikatazama chini. Ni kweli, nilikuwa nimewaandikia wote watatu. Mteja ni mteja.

Akaigeuza. "Lakini huyu wa nyuma. Huyu wa nyuma yuko wapi?"

Mzee Wafula, ambaye hakuwahi kukimbia tangu nimfahamu, alikimbia mpaka Bondeni kumwita Kariuki.

Kariuki alifika kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Mzee Njuguna hakumsalimia. Alifungua lile sweta, na ndani kulikuwa na redio.

"Umesema ni waya."

"Ndiyo, mzee."

"Umesema dakika tano."

"Ndiyo, mzee."

Mzee akavuta kiti cha wateja, akaketi. "Mama, kuna chai?"

Nikampa chai. Ilikuwa na moshi, akainywa yote. Kariuki akaanza kuifungua ile redio mezani kwangu, na mnajua mambo yalivyo: skrubu zilikuwa na kutu, moja ikakataa kabisa. Dakika tano zikapita. Ishirini zikapita. Jasho likamtoka kama siku ya gogo, naye mzee ameketi na kikombe akimtazama vilevile. Lakini safari hii Kariuki hakuwa mtu yule. Hakutumia nguvu. Alitia mafuta, akasubiri, akapuliza, akasubiri, akaisemesha ile skrubu kwa sauti ya chini.

Mzee Njuguna akageuka kitini. Akamuuliza Mzee Wafula kwa nini barua ina nyuma na mbele, naye akamweleza habari za tumbo na posta. Mzee Njuguna akaweka kikombe chini. Kisha akanisogelea.

"Hata mimi niko na kitu kwa tumbo. Weka karatasi."

"Ni kwa nani, mzee?"

"Kwa msichana yangu."

Safari hii niliangalia kaboni mara tatu. Akaanza kusema, nami nikapiga. Mwanzoni alisema kwa sauti ya kiwandani, baadaye sauti ikashuka mpaka nikalazimika kuinama ili nisikie. Katikati alisimama, akasema, "Kumbe," kisha akaendelea. Nilipomsomea, hakufunga vifungo wala hakubadilisha neno. Mzee Wafula akanyoosha mkono kuichukua aitie jikoni. Mzee Njuguna akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Nitachoma nyumbani. Kwangu hakukosi kuni."

Wakati huohuo redio ikakohoa, ikaongea. Zilikuwa ni habari za vifo, na nafikiri hakuna mtu aliyewahi kuzisikiliza kwa furaha kama sisi barazani siku ile. Mzee Njuguna akaongeza sauti, akaipunguza, akaongeza tena. Akaifunga kwenye sweta. Kisha akamtazama Kariuki kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu.

"Leta wazee wako Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini huyu wa mbele, wa buheri wa afya, abaki huku. Nataka huyu wa nyuma."

Harusi nilikula. Ilikuwa na nyama.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na Mzee Wafula alinung'unika wiki nzima kisha akaiga. Barua ya tumbo tuliendelea kuichoma, msinielewe vibaya. Ile ya Kariuki iliangukia mtu mmoja kati ya elfu. Kama Mzee Njuguna angekuwa amelala njaa siku ile, ningekuwa nawasimulia mkasa mwingine. Lakini kabla ya kuchoma, tulimwuliza mteja atafute humo sentensi moja ambayo hakujua anayo. Moja tu. "Hukuniuliza ninajua nini." Hiyo tunaipigia mstari, tunaihamishia kwenye barua ya posta, na salamu za buheri wa afya tunazipunguza ili ipate mahali pa kukaa. Hilo ndilo zoezi lenu lote. Mengine ni kunoa penseli.

Baadaye zikaja kompyuta, vijana wa saiba, zile ofisi za intaneti, wakaweka meza ndani ambako hakuna vumbi, na kompyuta inafuta bila kuacha alama. Kisha zikaja simu, na kila mtu akawa mpiga taipu wake mwenyewe, bila wa kumsomea kwa sauti. Mzee Wafula alikuwa ameshazikwa kwao, Mungu amweke vyema. Mimi nilifunga mashine siku ambayo mteja wa pekee alikuwa mtalii aliyetaka kuipiga picha.

Nilidhani habari ya Kariuki imeishia kwenye nyama ya harusi. Lakini mwaka huu, siku chache baada ya kumzika Mzee Njuguna huko Elburgon, Wairimu alibisha hodi kwangu Bondeni, na Kariuki nyuma yake, sasa mtu wa mvi anayetengeneza simu. Wairimu alikuwa na karatasi iliyokuwa imekunjwa miaka mingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Aliipata ndani ya koti la baba yake.

"Mama, hizi r ni zako?"

"Ni zangu."

Ameniruhusu niwanakilie.

"Wairimu mtoto wangu. Lile gogo liliushinda msumeno wa kiwanda. Nikalibeba mwenyewe mpaka nyumbani siku ulimaliza shule. Watu wakiniuliza ni la nini, nawaambia ni la kukalia. Si la kukalia. Mimi najua miti, na najua lile halipasuki. Nimewapa vijana wanne shoka, na kila mmoja akishindwa nalala vizuri. Huyu wa redio anasema sikumuuliza anajua nini. Kumbe. Sikuuliza kwa sababu nikimjua nitamkubali, na nikimkubali utaenda, na mimi nitabaki na redio, na redio yenyewe imeharibika. Sasa anaitengeneza. Naona ataweza. Mtoto wangu, mimi sina neno na kijana. Ni nyumba ndiyo itakuwa kubwa."

Wairimu aliniuliza, "Mbona hakunipa?" Nilifanya nilichozoea kufanya na karatasi tangu siku ile ya kaboni. Niliigeuza. Nyuma, kwa penseli ya seremala, kwa herufi kubwa, mzee alikuwa ameandika: WAIRIMU ASIPEWE HII.

"Mimi nimeisoma mara nne kabla ya kuona hiyo," akasema Wairimu, akacheka, kisha akalia sana, nami nikalia naye. Nilimlilia mzee aliyebeba ile karatasi kifuani mpaka mwisho wa maisha yake na kuni zimejaa uani.

Tulipopangusa macho nikauliza, ili tu tuseme jambo jepesi, "Na lile gogo liko wapi siku hizi?"

Wairimu akamtazama mumewe. Kariuki akatazama dari.

"Mwambie," akasema Wairimu.

"Si ni gogo tu," akasema Kariuki.

"Mama, msichana wetu anamaliza chuo hapo Njoro. Kuna kijana anataka kuja kutusalimia mwezi ujao. Huyu mtu alikodisha lori mpaka Elburgon, akalileta gogo Bondeni. Liko mlangoni. Anasema ni la kukalia."

Nilimtazama Kariuki, na mvi zake, na vidole vyake vya kushona shanga, na macho ambayo hayakutaka kukutana na yangu. Nikavuta kiti cha wateja, nikamkalisha. Taipuraita haina utepe siku hizi, kwa hiyo nilimpa kalamu.

"Haya," nikamwambia. "Ya tumbo kwanza."